Mama Aliyeingia Nyuma ya Pazia

Enzi zetu, mchezo wa kuigiza haukuwa kitu cha kutazama huku unatafuna bisi na kuchungulia simu. Ulikuwa shughuli ya kijiji kizima. Nakumbuka tukiwa Darasa la Saba alipotujia Mwalimu Barasa, mbichi kutoka chuoni, na suruali moja nzuri na kichwa kilichojaa Wagiriki wa kale. Tulikuwa uwanjani tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi kuukuu, naye anapiga filimbi, anatukusanya kando ya jiko la uji. Uji wenyewe uliungua karibu kila siku na bado tuligombea makoko. Hapo ndipo alipotueleza tanzia ni nini.

Alitufundisha vizuri, mpaka leo naweza kukutajia. Lazima awepo mtu mkubwa, tena si mbaya, ila ana kiburi kilichomziba masikio. Anafanya kosa moja, mambo yanampindukia, na anapotambua ukweli ameshachelewa. Kando pawepo kundi la waitikiaji, wanaoimba na kuonya na kupuuzwa, kama kina mama wa kanisani, alisema. Waigizaji wavae vinyago. Watazamaji walie mpaka mioyo iwe myepesi. Na jambo moja alilisisitiza: Wagiriki hawakuua mtu jukwaani. Mtu hufia nyuma, halafu mjumbe anakuja mbio na habari.

Akatutungia tanzia yetu wenyewe. Mfalme anafunga chemchemi ya kijiji, anawaamuru askari wampige yeyote atakayeisogelea. Binti yake anatoka kisirisiri kuwachotea wagonjwa maji, na askari hawamtambui. Binti huyo nilikuwa mimi. Vinyago tulivitengeneza kwa makatoni ya sabuni tukigundisha na uji ulioungua, na mbuzi wa mwalimu mkuu akala kimoja, masikio na yote. Tukishinda, tungekwenda mashindano ya Kakamega, na mimi Kakamega nilikuwa naijua kwa kusimuliwa tu. Niliitaka safari ile hadi nikaiota.

Tatizo lilikuwa mama. Alikuwa fundi wa kushona, mchangamfu, anayecheka na cherehani yake kama rafiki. Lakini alikuwa amemzika dada yangu Rose, na tangu hapo neno kifo halikutamkwa nyumbani kwetu. Aliposikia natakiwa kufa mbele za watu alikataa katakata. Mwalimu Barasa akaja mwenyewe, akanywa chai, akamhakikishia kwamba hataniona nikifa, Wagiriki hawana mambo hayo. Mama akaridhika, hata akashona pazia kwa shuka zake mbili. Kuhusu mjumbe, mwalimu hakugusia.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Nikaigiza sehemu yangu, nikaingia nyuma ya shuka kwenda kufa, na kwa kuwa kufa huko hakukuwa na kazi yoyote, nikachukua hindi langu la kuchoma nikaanza kutafuna. Mjumbe akaingia akihema. Akasema binti amelala kando ya chemchemi wala haamki. Waitikiaji wakaanza wimbo wa matanga, ule ule wa kwetu. Na kwetu wimbo ule haukusikilizwa ukiwa umeketi. Kina mama wote waliinuka, wakaitikia, wengine machozi chururu, na Mwalimu Barasa akatabasamu mpaka masikioni.

Mama hakuimba. Alipita katikati ya jukwaa, akampita mfalme mzima na taji lake, akafunua shuka na kunikuta na mahindi mdomoni. Akanivuta mkono mpaka mbele, akanivua kinyago.

"Huyu ni wangu," aliwaambia watu, "na yuko hai."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mwamuzi hakupiga kigelegele. Kakamega walikwenda watoto wa shule jirani, na mimi nilinuna muhula mzima. Mwalimu Barasa alitufariji kwamba Wagiriki wangekuwa na mama kama yule, tanzia zao zote zingeishia katikati.

Sasa niko ughaibuni, mji wa Burnsville, nawatunza wazee wa watu huko Eagan, na binti yangu, niliyempa jina la Rose, anasoma Apple Valley. Majuzi darasa lao liliambiwa litunge tanzia ya Kigiriki, naye akapeleka ile ya mfalme na chemchemi. Ikapita. Vinyago viliagizwa mtandaoni, vyeupe, vyepesi, hakuna mbuzi angevigusa. Wazazi tukaandikiwa barua pepe kwamba mchezo unataja kifo, tujiandae. Enzi zetu nani alituonya? Laiti mama angepata barua ile.

Rose mwenyewe ndiye binti mfalme, na hofu yake ilikuwa moja tu. Kisa cha bibi yake alikijua chote, akanishika kwenye gari.

"Mum, promise utakaa chini. Please. Usifanye kama Shosho."

Niliahidi, nikijicheka. Nilikaa na jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani, makoti yetu mazito magotini. Mjumbe akaingia, mtoto wa kizungu mwembamba, akasema binti amelala kando ya chemchemi wala haamki. Watu walinyamaza kwa adabu. Mama Furaha akanibana mkono.

"Mutoto iko wapi?" alininong'oneza.

Nilijua yuko wapi. Lakini sisi tuishio huku tumeizoea tanzia ya namna hiyo: msiba hutokea mbali, nasi tunaletewa habari tu. Baba yangu nilimpoteza hivyo, kwa simu, nikiwa nimevaa glavu za kazini. Miguu yangu ilikwisha kusimama nusu. Ndipo simu ikatetemeka mkobani, ujumbe wa Rose kutoka nyuma ya pazia: *Niko hai. Kaa chini.* Nikakaa. Nikalia mpaka moyo ukawa mwepesi, kama alivyotuagiza mwalimu.

Baadaye, watu wakipiga picha, nilimpigia mama kwa video. Huku ilikuwa mchana, kwetu watu walikuwa wanajiandaa kulala. Nikamsimulia yote, na kwamba safari hii nimekaa chini. Hakunisifu. Enzi zile pazia lilikuwa shuka zake mwenyewe, angeweza kulifunua kwa mkono. Leo, kati ya kwetu na huku, limekuwa pana mno na halina pa kushika. Aliniuliza Rose yuko wapi. Nikaigeuza simu, na mtoto akapunga mkono, uso bado umefunikwa na kile kinyago cheupe.

"Mvue hicho," mama alisema, "nimwone."

Rose akakivua. Mama akamtazama mpaka mtoto akaanza kucheka, ndipo akasema sasa anaweza kwenda kulala.