Koki ya Maporomoko

Mganga hajigangi, na fundi bomba wetu huyu ni shahidi. Miaka thelathini amezuia maji ya watu yasimwagike, huku bomba la jikoni kwake likivuja mwaka wa tisa, ndoo chini yake. Kila asubuhi mkewe humwaga ndoo, hupiga deki, huambiwa "kesho".

Basi mama huyo akaomba kitu kimoja tu: siku moja ya kwenda kwenye maporomoko, kule korongoni. "Nataka nikae nione maji yanamwagika mahali ambapo wa kupangusa si mimi. Na spana uiache nyumbani, baba watoto."

Fundi akaapa kaiacha. Ilikuwa ndani ya soksi.

Walipanda kwa muda wa saa mbili katikati ya miti iliyoshikana hata jua halipenyi. Maji yalikuwa yakishuka jabalini kwa ngurumo. Mama akatandika mtandio juu ya jiwe, akavua viatu, akatulia. Fundi hakutulia. Alitazama juu, akatazama chini, akatikisa kichwa kama aliyefika msibani.

"Haya yanavuja tangu lini?" akamwuliza mlinzi wa msitu.

"Tangu dunia iumbwe, mzee."

"Na hakuna aliyeripoti?"

Mlinzi alicheka, lakini fundi hakuwa anatania. Aliingia kwenye magugu nyuma ya jabali na huko, amini usiamini, akakuta koki yenye kutu, kubwa kama sinia. Akachomoa spana. Mizunguko minne tu, maporomoko yakapungua, yakachuruzika, yakakata. Msitu ukanyamaza. Ndege waliokuwa wakioga wakabaki wanatazamana. Mlinzi alipekua kitabu chake cha kanuni, hakuliona kosa la namna hiyo.

Fundi akatoka akijifuta mikono, kifua mbele. "Dakika tano tu," akamwambia mkewe.

Mama alikuwa analia.

"Dakika tano," alisema taratibu. "Mlima mzima, dakika tano. Na mimi napiga deki mwaka wa tisa."

Fundi akakosa pa kuuweka uso. Aliirudia koki, akaifungua yote, maji yakarudi kwa kishindo. Alipotaka kuketi kando ya mkewe, mama akavisogeza viatu vyake vikaijaza nafasi ile.

"Tangulia nyumbani," akasema. "Kazi unajua iko wapi."

Fundi akashuka peke yake, spana mkononi. Mama alibaki pale mpaka saa ya kufunga geti, akitazama maji yakimwagika, na chini hakuna ndoo.