Manyoya Mekundu ya Shorobo

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, nyuma ya Igowole, kusafisha kaburi la bibi. Nilikaa pale asubuhi nzima, rafiki yangu, nikasikia upepo tu kwenye mipaina. Mipaina yenyewe ni yangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba yangu ya mjini, Kihesa, imetokana na mbao zile, na sioni haya kusema.

Zamani palikuwa na msitu wa kweli, na ukungu mpaka saa nne. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye ulezi wa bibi kwa manati. Lakini shorobo nilikatazwa.

"Huyo mwache," bibi alisema. "Hali jasho la mtu."

Kweli, chakula chake kilikuwa matunda ya mkuyu, akiyameza mazimamazima. Ndege wa kijani, mkia mrefu, kishungi chenye ncha nyeupe. Kuruka hakupenda, alikimbia juu ya matawi kama kindi. Ila akivuka bonde, mabawa yalifunguka mekundu kama kaa la moto. Akitua, wekundu wote unafichika.

Mimi nilikuwa mume wa bibi, ndivyo alivyonitania. "Mume wangu, nichagulie hindi laini. Umeoa kibogoyo, utafanyaje?" Mimi nachagua, nimevimba kichwa.

Nikayataka yale manyoya niyachomeke kwenye kofia, wenzangu wanione. Nikampiga mmoja palepale mkuyuni. Manyoya yalikuwa na damu, nikayaosha kwa maji ya majivu ambayo bibi alifulia nguo. Maji yakawa mekundu. Nikamwaga, nikatia mengine. Mekundu tena. Ndege amekufa, nimeshamnyonyoa, na bado anatoka damu! Nikapiga kelele. Siku hizi najua ni rangi yake tu, inayeyuka kwenye majivu. Siku ile nani angeniambia?

Bibi akaja, akatazama karai. Hakunichapa. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia.

"Kachimbe shimo, umzike."

"Bibi, si ndege tu?"

"Nimesema kamzike."

Ndege hawa hutembea wawili wawili. Aliyebaki alikuja mkuyuni kila asubuhi, akaita kwa ile sauti yao ya kukwaruza, ko, ko, ko, akanyamaza kusikiliza, akaita tena. Bibi alisimama mlangoni mpaka amalize, ndipo akawasha moto. Mimi nilingoja aniite mume wangu. Ulezi ukaiva, tukavuna, tukapura, bado ananiita kwa jina lile la ubatizo. Kabla ya mavuno mengine akafariki.

Nilipokuwa mtu mzima nikaukata msitu, na mkuyu ule pia, maana paina haitaki kivuli. Nimepata mali. Tunda la kumlisha shorobo halipo tena bonde zima.

Wajukuu zangu wamemwona kwenye simu tu. Juzi wakaniuliza kama mimi nimewahi kumwona kwa macho. Nikawaambia nimewahi kumshika mkononi, wa moto bado.

"Babu," wakasema, "una bahati wewe!"