Earlene Hruska na Nguruwe wa Kijitoni

Kwa zaidi ya miaka thelathini, karibu kila nguruwe pori aliyeuawa upande wetu wa Texas alipitia mikononi mwa Earlene Hruska. Mimi na yeye tunafanya kazi katika duka moja la nyama, na mlango wa nyuma ndio wa wawindaji. Wanaingiza pikapu kinyumenyume, wanashusha mzigo, halafu wanaanza kujieleza. Earlene hawezi kushika kisu kabla hawajamaliza kujieleza.

"Alikuwa mkubwa kuliko anavyoonekana hapa, Earlene."

"Najua, mwanangu. Wote hunywea wakipanda gari."

Waliokuwa na kilio zaidi ni wale waliolipa ili waongozwe porini. Mtu katoka Houston au Dallas, kaonyeshwa picha ya dume lenye meno yaliyopinda kama mundu, kakaa siku mbili ndani ya kibanda anatetemeka kwa baridi, mwisho wake anakuja kwetu na kinguruwe cha kuenea sufuria moja. Wengine wanakuja na mafua tu. Wanamlalamikia Earlene kana kwamba ndiye aliyewauzia safari. Yeye anawasikiliza, anawaonjesha soseji, na wakishaondoka tunacheka mpaka tunashikilia meza.

Lakini mwenyewe alikuwa hajawahi kuwinda. Baba yake alikuwa anakwenda na kaka zake, yeye anabaki kuchemsha maji. Leroy, marehemu mumewe, alikuwa akisema mdomo wa Earlene utafukuza wanyama mpaka Oklahoma. Basi mwaka juzi, mwezi wa Januari, akaingia kazini asubuhi uso umemwiva kama wa msichana aliyechumbiwa.

"Nadine, nimelipia."

"Umelipia nini?"

"Kuwinda nguruwe! Na kiongozi, na chakula, na kulala. Wewe unakuja na mimi."

"Mimi? Mimi naogopa hata kuku."

"Basi utanishikia kahawa."

Akanionyesha picha kwenye simu. Dume jeusi, bega limetuna, na kijana amepiga magoti nyuma yake. Nikamwambia, shoga, picha kama hii malalamiko yake tumeshayasikia mara ngapi? Akasema anajua, yeye si mtoto, hadanganyiki na picha. Siku iliyofuata nikaikuta imechapishwa na kubandikwa kwenye mlango wa friji la dukani.

Tulikwenda Februari. Kiongozi wetu aliitwa Colby Raines, kijana mrefu mwenye kofia iliyochakaa na mbwa wawili, Queenie na Duke, waliokuwa wamejaa makovu usoni. Mteja mwingine alikuwa Gerald Pruitt, fundi wa viyoyozi kutoka Houston, mtu mnene mwenye vifaa vipya toka utosini hadi kwenye buti. Huyu alikuwa ameshaumizwa na safari kama hizi mara mbili. Mara ya kwanza hakuona hata unyoya. Mara ya pili, mahali pengine, walimpeleka mbele ya nguruwe waliofungiwa ndani ya uzio, wamezoea kulishwa, na mmoja akamsogelea kunusa mfuko wake. Alikataa kupiga, akarudi nyumbani na hasira.

Tulipokaa kula mchuzi mzito wa nyama na pilipili usiku ule, akauliza waziwazi, "Bwana Colby, unanihakikishia nini hapa?"

"Nakuhakikishia kahawa ya moto na godoro," Colby akajibu. "Nguruwe wenyewe hatujaandikishana nao mkataba."

Earlene akacheka mpaka akapaliwa. Gerald hakucheka.

Asubuhi mimi, Earlene na Colby tuliingia kwenye kibanda cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne, kuna dirisha la kutolea bunduki, na mbele yake uwazi wenye pipa linalomwaga mahindi lenyewe saa yake ikifika, ili kuwavuta wanyama. Gerald alikuwa peke yake kwenye kibanda kingine ng'ambo ya malisho. Ukungu ulikuwa mzito. Pipa likanguruma, mahindi yakamwagika. Wakaja rakuni, wale wanyama wadogo wenye uso kama wamevaa barakoa, wakala kwa adabu kama watu waliokuja msibani. Baadaye wakaja kulungu. Vidole vya miguu yangu vilikuwa vimeshaniaga, na nilikuwa karibu kuuliza kama tunaweza kwenda kunywa chai, Colby aliponigusa goti.

Nguruwe walitoka kwenye vichaka kimyakimya, majike, watoto, vijana, wanasukumana na kuguna juu ya mahindi. Nyuma yao likatoka dume. Jamani! Lilikuwa jeusi tii, manyoya ya mgongoni yamesimama, na lilikuwa linatembea kama mwenye shamba. Nikamtazama Earlene. Bunduki ya Leroy ilikuwa inagongagonga ukingo wa dirisha, tok-tok-tok, kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka.

"Polepole, Bi Earlene," Colby akanong'ona. "Vuta pumzi. Ukiwa tayari."

Akavuta pumzi. Akalenga. Akavuta kifyatulio. Kimya. Akavuta tena kwa nguvu zote, uso umekunjamana. Kimya. Alikuwa amesahau kufungua kile kitufe kidogo kinachoizuia bunduki isilie.

"Mungu wangu, imekufa!" akasema, tena kwa sauti ileile anayotumia kuniita nikiwa ndani ya chumba cha baridi.

Ukungu mzima ukapasuka kwa miguno. Tulipokuja kutazama, hapakuwa na nguruwe, kulungu wala rakuni. Mahindi tu.

Colby alijitahidi. Akasema hutokea, akasema kuna mteja wake mmoja, polisi, aliyesahau vivyohivyo. Earlene akaitikia kwa kichwa. Tuliporudi alikwenda kwenye sinki akaosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana, ametupa mgongo. Mimi namfahamu yule mwanamke. Nikamwacha.

Gerald naye aliingia amefura. Kwake walikuja rakuni peke yao.

"Nilijua," akasema, anatupa glavu mezani. "Nilijua kabisa. Nafungasha."

Earlene akageuka, kikombe mkononi. "Ukirudi Houston sasa hivi, Bwana Gerald, utawasimulia nini?"

"Nitawasimulia ukweli. Nimelipa kutazama rakuni wakinywa chai."

"Mimi nimelikosa dume kubwa kuliko friji kwa sababu ya kitufe. Mimi ndiye niliyestahili kufungasha." Akakiweka kikombe chini. "Colby, mwanangu, wale mbwa wako ni wa kupamba pikapu au wanafanya kazi?"

Colby akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema mbwa wapo, lakini kwa mbwa hakuna kukaa. Ni miguu, miiba na matope ya kijito. Asiyeweza kukimbia asije.

"Naweza," Earlene akasema. Ana goti moja la chuma.

Tulishuka kijitoni jua likiwa limeshapanda. Gerald alikuja pia, akinung'unika kuhusu buti zake. Mbwa walitangulia, pua chini, mikia juu. Kwa muda hatukusikia kitu ila matawi yakivunjika chini ya miguu yetu na Gerald akihema. Halafu Queenie akalia. Haukuwa mlio wa kubweka kwa mgeni, ulikuwa mlio mrefu, wa juu, na Duke akaudaka, na Colby akapiga kelele, "Huyo! Huyo!" akakimbia.

Sijui kilichonipata. Mimi ninayeogopa kuku nilikimbia! Tulipita kwenye miiba, tukapita chini ya waya wa uzio, tukavuka maji yaliyofika magotini na baridi yake ikanipanda hadi kwenye meno. Earlene alikuwa mbele yangu, kofia imemdondoka, mvi zake zimetawanyika, anakimbia kwa mtindo wa kuvuta goti la chuma kama anayecheza dansi ya polka peke yake. Alikuwa anacheka huku anakimbia. Kila mbwa wakilia, naye anaitikia, "Tunakuja! Tunakuja!"

Mara mlio ukageuka, ukaanza kuturudia.

"Anarudi!" Colby akapaza sauti. "Pandeni kitu! Pandeni kitu!"

Mimi nilikumbatia mti wa kwanza niliouona, bila kuupanda. Vichaka vikafunguka, akatoka nguruwe amelowa, matope yanamruka, mbwa wawili nyuma yake. Alipita katikati ya miguu ya Colby, akamzungusha kama pia, akaelekea moja kwa moja kwa Gerald. Gerald, mtu mnene yule, aliruka kinyumenyume kama aliyemwagiwa maji ya moto, akatua katikati ya kijito. Zile nguo mpya zote zikazama. Nguruwe akampita juu! Naapa, akamkanyaga bega, akaendelea na safari.

"Gerald!" Earlene akaita. "Mzima?"

Kichwa kikatokea majini. "Amenikanyaga!" Gerald akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto siku ya Krismasi. "Mmeona? Amenikanyaga mimi! Mfuateni!"

Mbwa walimzuia nguruwe kwenye ukuta wa udongo, pale kijito kinapokata kona. Alikuwa ameupa udongo mgongo, anagongesha meno, ka-ka-ka, na mbwa wanarukaruka mbele yake bila kumpa njia. Colby akafika akichechemea. Akawaita mbwa kwa majina, kwa ukali, mpaka wakarudi nyuma hatua kadhaa.

"Ni wako, Bi Earlene. Nyuma ya sikio. Sasa."

Niliona kidole gumba chake kikisogea kwenye kitufe. Nilisikia kikilia, tik. Halafu bunduki ikalia, na bonde zima likaitikia.

Earlene alibaki na bunduki mikononi, machozi yanamtiririka mashavuni, anacheka na kulia kwa pamoja, hata mwenyewe hajui kipi ni kipi. Kisha tukasogea kutazama.

Alikuwa jike, tena si jike kubwa. Matope yaliyokuwa yamemganda yalikuwa yamemwongezea nusu ya unene. Kama angeletwa dukani kwetu, tungempima, tungemwambia mwindaji, kijana, asante, njoo Alhamisi uchukue nyama yako.

"Huyu ndiye?" Earlene akauliza. Akaangalia nyuma ya nguruwe, kana kwamba mwingine amejificha pale.

"Ndiye," Colby akasema, na uso ukamwingia wasiwasi wa mtu aliyewaona wateja wengi wakifika hapa. "Najua ulitarajia..."

"Alikuwa mkubwa," Earlene akasema. "Nadine, alikuwa mkubwa au hakuwa mkubwa?"

"Alikuwa kama ng'ombe," nikasema. Sikudanganya. Nilikuwa nimekumbatia mti.

Akapiga magoti kwenye matope, akaweka kiganja juu ya mbavu zile zilizokuwa bado na joto, akakaa hivyo kidogo. "Asante, mama," akamwambia nguruwe. Akajifuta uso, akaujaza matope. Kisha akaanza kucheka tena, na safari hii sote tukamfuata, hata Colby aliyekuwa ameshika kiuno kwa maumivu, hata Gerald aliyekuwa anamimina maji kutoka kwenye buti.

Gerald hakupata nguruwe. Jioni alikaa tena kibandani na hakikuja kitu; kesho yake mbwa walikuwa wamechoka na mvua ikaanza. Safari yake ya tatu, mikono mitupu. Nilisubiri alalamike. Wakati wa kuagana alimshika Colby mkono, akavua shati kidogo begani kutuonyesha alama ya kwato, ya zambarau, imekamilika kabisa.

"Angalia hiyo," akasema. "Mnadhani itabaki?"

Nyama ile Earlene hakumruhusu mtu yeyote dukani kuigusa. Aliikata mwenyewe, akaisaga mwenyewe, akatia vitunguu saumu na pilipili manga, akajaza soseji na kuzikausha kwa moshi wa mti wa mwaloni. Tatizo ni kwamba siku ile kila aliyeingia alitaka kusikia habari, na Earlene alikuwa anasimulia huku anatia chumvi. Akifika pale nguruwe aliporudi, anatia chumvi. Anaanza upya kwa mteja mwingine, anatia chumvi.

Jumapili tukazipeleka kwenye ukumbi wa parokia, kwenye karamu ya kila mwezi. Bendi ilikuwa inapiga polka. Padre akauma kipande, akasimama tuli, akaomba maji. Meza yetu yote ilikuwa inakula kipande kidogo na bia nyingi.

"Earlene," mmoja wa kaka zake akamwambia, macho yamemtoka, "hizi soseji umezichovya baharini?"

"Kula! Unajua nimezifuata wapi?"

Gerald alikuwa amekuja kutoka Houston kwa ajili ya karamu ile, amevaa tai. Alikuwa amezungukwa na wajomba wa Earlene, na mikono yake ilikuwa imeachana kadiri inavyoweza kufika.

"Hivi!" alikuwa anawaambia. "Na meno haya hapa!"

Earlene akaacha sahani yake, akapenya katikati ya watu.

"Muongo," akasema. "Alikuwa mkubwa zaidi ya hapo. Sogeeni, niwaonyeshe alivyotoka kichakani."

Na akakunja sketi kidogo, goti la chuma mbele, ili awaonyeshe.