Pumzi ya Bibi

Juzi, hospitalini mjini Morogoro, nilimwona mama mmoja akivua rozari ili apigwe eksirei ya kifua. Nikamkumbuka bibi, siku niliyoshuka naye mlimani nikiwa mtoto, kuja kupigwa picha kama hiyo.

Mpiga eksirei alimwegemeza kwenye ubao wa baridi. "Bibi, kidevu juu, viwiko mbele. Vuta pumzi, usiachie." Kisha akatoka nami haraka, akafunga mlango. Nilijua tumemkimbia. Nikaikumbatia rozari yake iliyonukia moshi na iliki, nikabana pumzi. Niliamini nikiachia tu, bibi atakufa.

Mashine ikanguruma. Bibi alipotoka alinikuta mashavu yametuna, machozi yananitoka.

"Pumua, mjukuu wangu," akasema huku akikohoa.

Siku hizi najua tulikuwa tunaepuka mionzi. Lakini juzi, mlango ulipofungwa, nilibana tena.