Verlin Tackett na Boksi za Panzi

Tuwekeane dau, donati sita zenye sukari juu: nikimaliza kusimulia hii utasema nimeitunga. Haya, leta mkono. Donati zangu hizo tayari.

Pale Pruett, Oklahoma, yupo mtu anaitwa Verlin Tackett. Muulize nani fundi mkubwa wa ndege ndogo za sarakasi duniani, atajibu kabla hujamaliza swali, na wala hatataja jina la mtu mwingine. Shule aliacha darasa la tisa. Anasema walimu walikuwa wanamchelewesha.

Usifikiri ni zile ndege za kuongozwa na redio. Zile Verlin anaziita midoli ya wavivu. Hizi zake zinafungwa nyaya mbili nyembamba za chuma, mita ishirini, na wewe unasimama katikati ya uwanja umeshika mpini. Ndege inakuzunguka, inapiga vichwa chini, inachora nane hewani, na wewe unazunguka nayo kama punda wa kinu mpaka mafuta yaishe. Kuacha huwezi. Ukiachia mpini, kile kitu kinakwenda kutoboa mtu.

Kwa miaka thelathini na minane Verlin aliuza boksi. Ndani ya boksi unakuta vipande vya balsa, mti mwepesi kama mkate uliokauka, vimekatwa vizuri: mbavu za bawa, mkia, ubavu wa ndege. Unakuta ramani, na karatasi ya maelekezo aliyoandika mwenyewe, ina matusi mawili na makosa ya tahajia yasiyohesabika. Unaunganisha, unapaka rangi, unarusha. Ndege yenyewe inaitwa Panzi. Na hatua ya kumi na nne kwenye ile karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: USIPAKE RANGI SIKU YA MVUA. Maana rangi ile ikikutana na hewa yenye unyevu inageuka nyeupe, bawa linakuwa kama limeangukiwa na unga.

Sasa sikia. Mwezi wa tano mwaka juzi mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Mashindano ya taifa yalikuwa yanakuja, na huko, kabla hujarusha, ndege zinapangwa sakafuni majaji wazikague uzuri. Verlin alikuwa na Panzi mpya, nyekundu, bado mkono wa mwisho wa rangi. Akaangalia mvua. Akajiambia yeye si mteja, yeye ndiye aliyeandika maelekezo. Akaleta hita ya umeme kutoka chumbani kwa mkewe, akaiwasha ikaushe hewa, akafunga madirisha, akapaka. Karakana nzima inanuka thina mpaka macho yanalia. Kisha akaenda kununua donati.

Alikuwa na ya pili mdomoni alipoona moshi.

Zimamoto wa Pruett ni watu wa kujitolea, na mkubwa wao ni Burl Hatcher, jitu la masharubu ambalo pia linarusha ndege nasi. Burl alifika haraka, lakini balsa na rangi ile havisubiri mtu. Boksi mia na ushee zilizokuwa tayari, vipande vya alumini alivyotumia kama mfano wa kukatia mbao, mashine, ile Panzi nyekundu, vyote vikaenda. Na juu ya dari ilikuwa inaning'inia ndege ya bluu ya Lavon Krebs.

Kwa huyu Lavon ndipo ubaya ulipo. Wamekua pamoja na Verlin, wameoa mwaka mmoja, na wametukanana kila asubuhi kwa miaka hamsini. Alikuwa fundi umeme. Sasa ana ugonjwa wa kutetemeka, mikono haiwezi tena kushika wembe wala gundi. Ajabu ni kwamba akishika mpini wa ndege, mkono unanyooka, unatulia kabisa. Lakini kanuni ya mchezo wetu haina huruma: mashindanoni unarusha ndege uliyoijenga kwa mikono yako, ya kujengewa hapana. Ile ya bluu ndiyo ilikuwa ya mwisho Lavon kujenga. Aliiweka kwa Verlin kwa sababu gereji yake inavuja.

Wakasimama watatu mbele ya majivu. Burl akauliza, maana ni kazi yake kuuliza.

"Verlin, imeanzia wapi?"

Mdomo wa Verlin haujawahi kukosa jibu. "Nyaya za umeme, nadhani," akasema. "Si unajua nyaya za zamani."

Nyuma yake Lavon alikuwa ameshika mpira wa maji. Na nyaya za karakana ile, kila waya, kila swichi, ni Lavon aliyezifunga mwaka themanini na saba, bure, kwa sahani ya mbavu za kuchoma.

Lavon aliangalia mikono yake tu.

Verlin alikusudia kuliondoa lile neno baada ya chakula cha mchana. Mchana wakaja majirani na mabakuli ya tambi na jibini, wakalia, wakaomba. Utasemaje mbele ya tambi za watu? Kesho yake ikawa ngumu zaidi. Baada ya wiki moja ikawa kama mfupa umekaa kooni, unameza mate unapita pembeni.

Alikaa mwaka mzima bila kugusa balsa. Barua zikawa zinakuja: mzee, Panzi lini? Mzee, mjukuu wangu anataka. Yeye anazigeuza chini juu. Aliyemrudisha kazini ni Lavon. Siku moja alisimamisha pikapu mbele ya nyumba, akashuka na boksi la vumbi.

"Fungua, mzee mzima," Lavon akasema.

Lilikuwa boksi la Panzi la mwaka tisini na moja, halijaguswa, kila kipande kipo.

"Umelitoa wapi?"

"Ulinipa Krismasi. Sikuijenga. Niliona ni ndege mbaya kuliko zote nilizowahi kuona."

"Wewe huna macho, Lavon."

"Macho ninayo. Mikono ndiyo sina. Chora upya vipande kutoka humo, uanze kazi. Unanuka uvivu."

Oleta, mke wa Verlin, alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Verlin alicheka pia.

Basi wakaanza, kwenye banda la kuku la zamani nyuma ya nyumba. Lavon alikuja kila siku. Kazi yake ilikuwa kuchagua balsa, maana mbao mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikawa nzito maradufu. Nyepesi ya mabawa, ngumu ya ubavu. Anaweka ubao kwenye mizani ya jikoni ya Oleta, anasubiri mkono utulie, anasoma, anaandika kwa penseli. Taratibu, kama mtu anayelipa kitu. Verlin aliona hivyo, akawa hawezi kumwangalia usoni.

Bandani hapakuwa na umeme. Walivuta waya mrefu kutoka jikoni.

"Si utufungie taa humu?" Verlin akasema siku moja, kama mzaha.

"Tafuta fundi mwenye akili," Lavon akajibu, bila kuinua macho. "Mimi sishiki waya tena."

Kwa hiyo lile la nyaya lilikuwa limeingia ndani hivyo. Na bado Verlin akanyamaza. Akasema moyoni, nikishauza boksi za kwanza nitamwambia. Watu wa maneno mengi ndivyo tulivyo: tunaongea yote isipokuwa lile moja.

Aliyempasua ni Burl, kwenye duka la donati, Jumatano asubuhi.

"Wewe Tackett," Burl akasema, "rafiki yako anaumwa kichwa? Jana alikuja kwa mama yangu na bisibisi."

"Kufanya nini?"

"Kufungua swichi zote. Kasema aliufunga umeme wa nyumba ile mwaka tisini, anaogopa utachoma watu. Alimwomba mama msamaha. Mama ana miaka themanini na nane, hakuelewa anasamehe nini, akampa keki. Alikaa saa nne pale, bisibisi inaruka mkononi kama samaki. Ana orodha, bwana. Nyumba thelathini na moja. Kila nyumba aliyowahi kufunga umeme. Ameshamaliza ishirini."

Verlin aliiweka donati chini. Na mimi nakwambia, hiyo peke yake ungeweza kuiandika gazetini.

Jumamosi ilikuwa siku ya kurusha Panzi wa kwanza wa boksi jipya. Verlin hauzi boksi ambalo hajalirusha mwenyewe. Wanaklabu kumi walikuja na viti vyao vya kukunja na chupa za kahawa. Na kabla ya kurusha kuna jambo ambalo hakuna anayeliruka: mvuto. Wewe unashika mpini katikati, mwenzako kule mwisho wa nyaya anainasa ndege kwa mizani ya ndoano na kuvuta kwa nguvu, kuona kama nyaya zitashika. Mwenzake Verlin siku zote ni Lavon.

Lavon akapiga goti, akanasa, akavuta. Nyaya zikakaza, zikalia. Verlin alizisikia mpaka begani. Mita ishirini kati yao, na mtetemo wa mikono ya Lavon ukawa unakuja kwa chuma kile, tik tik tik, mpaka kwenye kiganja chake. Hakuweza kuvumilia tena.

"Lavon!" akaita. "Haikuwa nyaya!"

"Zinashika! Ziko sawa!"

"Si hizi! Za karakana! Ilikuwa hita! Nilipaka rangi siku ya mvua, nikawasha hita ya Oleta, nikaenda zangu kula donati! Nyaya zako hazikuwa na neno!"

Kikombe cha Burl kilisimama katikati ya safari ya mdomoni.

Lavon aliendelea kuvuta. Sindano ya mizani haikushuka. Kisha akaachia, akaikunja mizani polepole, akaitia mfukoni.

"Orodha unaijua?" akauliza. Hakupaza sauti, lakini ilifika.

"Naijua. Tangu Jumatano."

"Jumatano." Akalirudia kama anaonja maziwa yaliyochacha. "Leo ni Jumamosi."

Akawasha injini. Ndiyo, aliiwasha. Akaishika ndege kama anavyoishika siku zote, akasubiri ishara, akaiachia.

Hapo ndipo Verlin alipojua maana ya kufungwa. Panzi alipanda kama fataki, na yeye akaanza kuzunguka. Mzunguko wa kwanza akamwona Lavon amesimama. Wa tatu, anakunja kiti. Wa sita, anatembea kuelekea pikapu. Verlin hawezi kuacha, hawezi kumkimbilia, hawezi hata kupunga mkono, ana ndege ya kilomita tisini kwa saa kwenye mpini. Akapiga vichwa chini kwa sababu ndiyo mikono yake inavyojua. Akapiga pembe nne, kona kali kama za sanduku. Kila akigeuka pikapu iko mbali zaidi, mpaka barabara ikawa tupu. Dakika tano na nusu. Nasema kweli, na sisemi hivi kila siku: haijawahi kurushwa ndege nzuri namna ile katika uwanja wa Pruett. Hakuna aliyepiga makofi.

Panzi alipotua, Burl aliifuata ndege taratibu, akaiokota.

"Umerusha vizuri," akasema. "Muongo mkubwa wewe."

"Najua."

"Mimi niliandika nyaya kwenye ripoti, Verlin. Kwa mkono wangu. Kaandikishe upya kesho kutwa, uende mwenyewe."

Asubuhi ya pili Verlin alikwenda kwa Lavon. Alimkuta barazani na ile orodha gotini, imechorwa mistari ishirini iliyopinda. Verlin alikuwa ameandaa hotuba, na kichekesho kimoja cha kufungulia. Vyote vilimkimbia.

"Ndege yako ya bluu," akaanza.

"Usiniambie habari ya ndege," Lavon akasema. "Ndege ingeanguka siku moja. Zote zinaanguka. Mimi nimekaa miaka miwili nikiamka naenda kunusa swichi za nyumba yangu. Mke wangu akiwasha jiko nashtuka. Umeniona kila siku, umekunywa kahawa nami."

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa unataka." Lavon akamnyooshea karatasi. "Nenda nyumba ishirini, kila mlango, useme ulivyosema uwanjani. Zile kumi na moja sina haja nazo tena. Umeme wangu ni mzuri. Ulikuwa mzuri siku zote."

Alikwenda. Ishirini, mlango kwa mlango, kofia mkononi. Mama yake Burl alimpa keki naye pia, halafu akamwambia usirudi.

Wiki ya tatu Lavon alitokea bandani na sanduku lake la vyombo. Alifunga taa nne na soketi sita, siku tatu, kazi ambayo zamani angeimaliza kabla ya chai. Verlin alitaka kumshikia tochi, akaambiwa kaa pale. Alipomaliza akawasha swichi, taa zikawaka, akasimama chini yake muda mrefu. Kisha akaketi mbele ya mizani ya Oleta, akachukua ubao wa balsa. Kumtukana Verlin hajamtukana tena hata mara moja, na ukimjua Lavon, hilo ndilo baya.

"Karatasi ya maelekezo ushaichapa?" akauliza tu.

"Bado."

"Hatua ya kumi na nne. Iongeze."

Boksi za Panzi zinauzwa tena. Ukinunua, fungua karatasi, shuka mpaka hatua ya kumi na nne. Imeandikwa: USIPAKE RANGI SIKU YA MVUA. Chini yake, herufi ndogo: Mimi nilipaka, nikawasha hita, nikasingizia nyaya za Lavon Krebs. Nyaya zilikuwa nzuri. Nilikosea.