Feni Iliyozimwa Ikabaki na Umeme

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, hapa nyumbani kwetu mtaa wa Wabera, Isiolo, nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo. Bafu letu halikuwa na dirisha, maana jirani alijenga ukuta wake ukagusa wetu, na dari ilikuwa imeota ukungu mweusi. Mjomba wangu, tuliyemwita Abti, akaja na feni ya kutoa mvuke. Hakuwa fundi, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Lakini kwetu, kaka wa mama akishashika bisibisi, nani atathubutu kuita fundi? Ingekuwa ni kumtukana.

Wageni walijaa sebuleni wakinywa chai. Nikamwuliza, "Abti, swichi umeiweka kwenye waya gani? Ule wa moto au mwingine?"

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Nikizima, inasimama?"

"Inasimama."

"Sasa msomi, unataka ikusalimie pia?"

Wageni wakacheka. Nikauliza tena: na huu waya wa kijani na manjano, mbona umekatwa? Mama akaona aibu, akanituma dukani nilete sukari. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," aliniambia mlangoni.

Dada yangu Halima, mama yako, alisikia la mkuu.

Vumbi la Isiolo unalijua. Baada ya miezi michache feni ilikuwa imeziba. Halima akaizima, akafungua mfuniko, akaipangusa kwa kitambaa kibichi, miguu yake kwenye sakafu yenye maji. Nilipigiwa simu nikiwa darasani.

Matangani kila mzee alisema ni kadari ya Mungu. Kadari siikatai. Lakini niliifungua ile swichi. Ilikuwa inakata waya wa kurudisha umeme, na ule wa moto, unaouleta, ulikwenda moja kwa moja kwenye feni. Kuzima kulisimamisha mapanga tu. Umeme ulibaki palepale. Nilipomwonyesha Abti, alisema, "Mwache marehemu apumzike." Wazee wakaitikia. Mpaka leo hakuna aliyelitamka kosa lile.

Sasa umekua, unataka kufunga feni mwenyewe. Sijafika umri wa wazee wanaonasihi watu, ila msiba hauulizi umri. Zima kwanza meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima, wala usiamini swichi ya ukutani. Pima kwa testa kama umeme umekatika kabla ya kugusa. Waya wa moto ndio upite kwenye swichi. Wa kijani na manjano, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ufungwe mahali pake, usikatwe kamwe. Feni ikae mbali na pale maji yanaporuka. Na kama huna hakika, mwite fundi mwenye leseni, hata mjomba akinuna. Aibu ya wageni huisha chai ikiisha.

Mkubwa mheshimu, mpe kiti, mpe chai. Lakini umeme haujui mjomba ni nani. Kuuliza si ujinga, mwanangu, wala si utovu wa adabu. Ukifukuzwa, rudi uulize.

Mungu akupe wazee wanaojibu, na akukuze, ili siku utakayoulizwa wewe, usikasirike.