Mgongo wa Bibi

Juzi nilikuwa uani nabangua korosho, redio iko kando, nikasikia sauti ya mwanamke ninayemfahamu. Mtangazaji alimwita Mheshimiwa: alianza kwa kuandika vitabu, akawa mbunge kwao ng'ambo ya Ruvuma, na sasa anapatanisha watu waliopigana. Akaulizwa amani alijifunzia wapi. Akajibu, "Kwa bibi yangu, kijijini Mahurunga."

Bibi yake! Lo! Nusura nijiponde kidole. Yule alikuwa bibi yangu mimi, mama mzazi wa baba yangu, na ngoja nikwambie ilivyokuwa.

Nilikuwa mtoto, naishi na bibi, wakati vita ya kule ng'ambo ilipopamba moto. Watu walivuka mto na vichanga vyao na vyungu vyao. Mama mmoja akatua kwetu na binti wa rika langu. Bibi akafurahi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Labda wengine walipona. Mimi sikupona. Siku ile ile binti yule alipewa pa kulala nyuma ya mgongo wa bibi, mahali pangu tangu nizaliwe, penye joto na harufu ya mafuta ya nazi. Mimi nikasogezwa ukutani.

Basi kila alichofanya kikawa kizuri. Tukienda porini kuchimba ming'oko, mizizi ile ya kula, yake ndiyo minono, yangu myembamba. Akiokota mkaa anaandika hadithi zake ukutani, na bibi, asiyejua hata a wala be, akakataza ukuta ule usikandikwe upya. Mimi nilipochora bata niliambiwa nachafua nyumba. Bata mzuri kabisa.

Tulipigana, tena sana. Ukoko wa wali tu ulitosha. Bibi hakutuchapa. Alimwaga makopa kinuni, muhogo mkavu ule, akampa kila mmoja mchi wake. "Twangeni. Michi ikigongana, mnaanza upya." Hebu jaribu wewe, kutwanga kinu kimoja na mtu usiyetaka hata kumwona! Huna budi kumsikiliza: wake ukishuka, wako uwe juu. Mwanzo tuligongana mpaka viganja vikawaka. Baadaye michi ikashika mwendo, unga ukatupaka nyusi, yule binti akaanzisha wimbo wa kijinga kuhusu kuku, na bibi akacheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, huku naona wivu. Nyimbo zangu hazikuwahi kumchekesha hivyo.

Kinu hicho ndicho alichokisimulia redioni. Eti huwapa mahasimu michi, watwange mpaka wazungumze. Watu wakapiga makofi. Na aliyetwanga naye ni nani? "Msichana mmoja wa nyumba ile," akasema. Msichana mmoja! Malengelenge yangu yote yale!

Ng'ambo walipopata uhuru, yeye na mama yake wakarudi kwao. Niliwabebea kikapu hadi mtoni, nikiwahimiza wasije wakaukosa mtumbwi. Jioni nikajitupa mgongoni kwa bibi, mahali pangu pale pale. Akaniita kwa jina la yule. Nikamwambia, "Bibi, ni mimi." Akasema, "Najua."

Akalikosea jina langu tena kesho yake, na miaka yote aliyoishi. Akiita, lilitangulia la yule, ndipo likafuata langu. Kila mara nilinuna, tena nilinuna waziwazi.

Nyumba ile imeanguka, na mahali pake watu wamelima muhogo. Nami sasa ndiye bibi. Wajukuu wananiamkia, majirani wananiita mama fulani. Hakuna aliyebaki duniani wa kuniita kama mtoto. Leo hii ningeisikia sauti ile ikiita, hata kwa jina la yule mwanamke, wallahi ningeitika kabla haijamaliza: "Abee, bibi."